Mama Barafu na Upepo wa Saa Tisa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, alfajiri, katika nyumba ya bati iliyokuwa mwaloni, pale boti zinapoegesha na kushusha samaki, mkono wa kulia ukishuka. Msiitafute. Ziwa lilipanda likaimeza, na sasa juu yake wanaogelea bata. Alikuwa mtoto wa tatu wa baba mvuvi na mama mkaushaji dagaa, na kilio chake cha kwanza kilisikika hadi kwa wavuvi waliokuwa wakitegua nyavu. Mjomba wake, ambaye ukoo umemkabidhi kuandika maneno haya kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko, alisema siku ile ile: "Huyu atatusumbua." Akakemewa. Nani alikuwa sahihi, mnajua wenyewe.

Alianza darasa la kwanza Januari 1972 katika shule ya msingi iliyo kilimani, akamaliza la saba mwaka 1978. Alimpita mjomba wake, aliyeishia la sita, si kwa kushindwa bali kwa kuona inatosha. Somo lake lilikuwa jiografia. Siku moja mwalimu alichora ziwa ubaoni, likapendeza, na mito yote inayoingia na ule mmoja unaotoka. Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ghuba yetu umeisahau."

"Ni ndogo mno. Haiingii kwenye ramani."

"Basi na sisi tulio humo hatumo?"

Akatolewa nje. Ugomvi wake na watu wa ramani ulianza siku hiyo.

Mwaka 1983 alianza kuuza barafu mwaloni, na hapo ndipo jina alilopewa na wazazi lilipotoweka, akabaki Mama Barafu hata kabla hajawa mama wa mtu. Mabonge yalitoka kiwandani mjini, yeye anayavunja kwa nyundo na kuyafukia kwenye kasha lenye vumbi la mbao yasiyeyuke. Mvuvi aliyejifanya mjanja akaingia majini bila barafu yake alirudi na samaki waliolegea kama soksi, na marehemu hakumwachia. "Baba, leo umevua au umeokota?" Mwalo mzima unacheka, na kesho yake mtu huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Katika foleni hiyo alitokea seremala wa mitumbwi. Alinunua barafu kila jioni, na hakuwa na hata dagaa mmoja. Mjomba, ambaye jicho lake halipitwi na kitu, akamuuliza mbele za watu: "Fundi, unagandisha mbao zisioze?" Jamaa akakosa pa kuangalia, huku barafu ikimchuruzikia kwenye viatu. Kesho yake hakununua. Alileta gunia la vumbi la mbao kutoka karakana yake, akaliweka kando ya kasha, akaondoka bila salamu. Marehemu akamwita mjomba wake pembeni: "Mjomba, huyu ndiye. Usimtanie tena, atakimbia." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Juni 1986. Mjomba alinyamaza hadi keki ilipokatwa.

Walijaliwa watoto watatu, na nyumba yao ilijengwa kwa barafu na mitumbwi. Kisha magugu maji yakaja.

Wageni mliotoka mbali mwelewe. Ziwa hili ni pana, ukisimama hapa huoni ng'ambo, lakini ghuba yetu imekaa kama mfuko wenye mdomo mwembamba. Mto mmoja unaingia humo ukiwa umebeba mbolea ya mashamba ya juu na maji machafu ya bomba la mjini. Magugu yanakula vyote hivyo na kunenepa. Yanaelea kama zulia, yana maua mazuri kabisa, na chini yake samaki hana pa kupumulia. Wavuvi wakaanza kwenda mbali zaidi na kuchelewa kurudi, barafu ikawa maji kabla haijagusa samaki. Seremala akakosa wa kumtengenezea mtumbwi, akahamia kwenye vitanda. Kijana wao mkubwa aliacha nyavu, akaenda kuendesha pikipiki mjini.

Sasa sikieni jambo ambalo hata mbuzi wa hapa wanalijua. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unayasukuma magugu nje ya ghuba. Saa tisa alasiri upepo unageuka, unayarudisha yote. Na wakubwa wa ofisi ya ziwa, tangu mwaka 2014 marehemu alipoanza kuwaita, hawajawahi kuja ila asubuhi.

Wanashuka kwenye gari, wanatazama maji yanayometameta. "Mama, magugu yako wapi?"

"Yametoka, mheshimiwa. Yanarudi saa tisa. Kaeni kidogo."

"Tuna kikao mjini."

Wanaandika kwamba hali ni shwari, wanapanda gari. Saa tisa, magugu haya hapa. Marehemu anasimama ufukweni, mikono kiunoni, anayatukana magugu, anautukana upepo, akimaliza anageukia njia waliyopita wageni.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu: mtambo wa kuyavuna magugu, ili njia ya boti ibaki wazi mchana kutwa. Alijaribu kila namna. Mwaka 2019 alijaza kasha lake magugu mabichi, akayapanga juu ya barafu kama samaki wa harusi, akaenda nayo hadi ofisini. Mkubwa alipoona kasha akafurahi, akafungua mwenyewe.

"Mama, hii ni nini?"

"Ndiyo tunayovua siku hizi. Nimekuletea ikiwa fresh."

Aliambiwa sampuli itapelekwa maabara. Pengine bado ipo njiani.

Safari nyingine aliwapikia wageni chakula cha mchana, ili wakishiba wazubae hadi upepo ugeuke. Mjomba aliongea nao kwa ufasaha mkubwa, akawapa historia ya ziwa lote pamoja na mashindano ya makasia aliyoshinda. Walikula, wakasifu, wakaomba kufungiwa kilichobaki. Kufika saa nane hakukuwa na hata harufu ya gari. Marehemu alikaa juu ya kasha lake, akasema: "Mjomba, nimewanenepesha bure." Mjomba akaanza kukusanya sahani.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi na alikuwa akimeza dawa. Jumanne tarehe 6 Mei 2025, alasiri, alianguka mwaloni, mdomo ukaenda upande. Hospitali ipo ng'ambo ya ghuba. Kwa boti hata chai haipoi. Binti yake na wavuvi wawili wakamlaza kwenye boti, wakaondoka mbio, na mbele ya macho yetu wakanasa kwenye magugu. Propela ikasongwa, injini ikazima. Walikata kwa panga, wakasukuma kwa makasia, magugu yakawafunga na nyuma. Binti yake anasema mama alimshika mkono, akasema kwa taabu: "Ni saa tisa. Si niliwaambia?" Mpaka waliporudishwa nchi kavu na gari kuzunguka barabara ya juu, giza lilikuwa limeingia. Alifariki Jumatano tarehe 7 Mei, alfajiri, saa kama ile aliyozaliwa.

Sanduku mnaloliona ni kazi ya mkono wa mume wake. Alipomaliza, alikusanya vumbi lote la mbao kwenye gunia, kwa mazoea. Kisha akabaki amelishika.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na mjomba ambaye hakutarajia kumwandikia yeye.

Wengi mmeuliza kwa nini mazishi yamepangwa alasiri na jua lote hili. Ofisi ya ziwa ilituma salamu za rambirambi na kuomba ibada ifanyike asubuhi, kwa sababu wana kikao. Mjomba ndiye aliyejibu simu. Alisema asubuhi haiwezekani, kaburi halijakamilika, na kaburi lilikuwa limekamilika tangu jana yake. Viti vyao ni vile vya mbele, na kwa heshima yao tumevigeuza vitazame maji. Msibani mheshimiwa haondoki kabla mwili haujashuka.

Kwa ratiba iliyo ukurasa wa nyuma, maneno haya yanamalizika kusomwa saa tisa. Waheshimiwa, msitutazame sisi. Tazameni mbele yenu, yanakuja.

Mama Barafu, wageni wako leo wamekaa. Pumzika kwa amani.