Lucas Kristofa wa Moa, Aliyesikiliza Mashine kwa Mifupa

Ndugu waombolezaji, ndugu yetu Lucas Kristofa alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, maji ya bamvua yakiwa bado yanatoka ufukweni, wala si alfajiri kama ilivyosemwa sokoni, wala si saa nne kama ulivyodai ujumbe wa simu uliotufikia sote. Nami Methusela, kaka yake, niliyeketi kando ya kitanda, niliitazama saa ya ukutani, nikautazama uso wake, kisha nikaitazama saa tena.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza, akasoma hapo hapo shambani hadi darasa la saba, mwaka 1970, na miaka hiyo yote hakuwahi kuiona bahari, ila alidai kwamba huisikia ndani ya ngurumo ya korona, ile mashine ya kuchambua mkonge.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa fundi wa mashine za boti katika karakana ya Raskazone, tarehe 4 Julai 1981 akafunga ndoa na Lea, Tanga mjini, mwaka 1983 wakahamia Moa, na mwaka 1988 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Imakulata. Utaratibu wake wa kazi mnaujua, kwamba kwanza alihakikisha milango ya hewa ya kabureta zote inafunga pamoja na kufunguka pamoja, ndipo akagusa majira ya cheche, akayasogeza kidogo kidogo hadi alama ya flaiwili, lile gurudumu la juu ya mashine, isimame mahali pake, maana alisema anayeanza na cheche anawaamsha watu wa nyumba ambao bado wamegombana.

Masikio yalipomtupa, mwaka 2016, hakuacha kazi, bali aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye silinda, akafumba macho, mlio ukampitia mifupani. Akiinua kidole kimoja, Imakulata aliyeshika skrubu alijua bado kidogo, na kiganja kikifunguka chote, alijua imekaa, asiguse tena.

Februari mwaka huu moyo wake ulidhoofika, miguu ikavimba, akatibiwa Tanga, akarejea nyumbani kwa ombi lake mwenyewe, na likabaki jambo moja la kumkosesha usingizi, kwamba wavuvi walimletea binti yake plagi za kusafisha tu, wakisema kwa mzaha, na wengine si kwa mzaha, kwamba mashine humtii mwenye ndevu, na Mzee Masoud, rafiki yake wa miaka mingi, akasema wazi kwamba mashine yake kuukuu ya silinda mbili hatamwachia Imakulata mpaka Lucas mwenyewe aseme imekaa.

Basi asubuhi ile mashine ya Mzee Masoud ilifungwa kwenye pipa la maji nje, chini ya dirisha la chumba chake, pipa likaegemezwa ukutani, na sisi tukamgeuza Lucas hadi paji la uso wake likagusa ukuta ule. Imakulata alilinganisha kabureta, kisha cheche, mashine ikakohoa, ikatetemeka, Lucas akainua kidole, nami nikaashiria dirishani, binti akazungusha skrubu kiasi cha unywele, na mtetemo ukalainika ndani ya ukuta, maji ya gilasi iliyokuwa kando ya kitanda yakatulia, chumba kizima kikawa kama kinaelea, na kiganja kikafunguka.

Wapo wasemao kilifunguka kwa kuwa mashine ilikuwa imekaa, na wapo wasemao kilifunguka kwa kuwa roho ilikuwa imetoka. Mimi niliyesahihisha saa, hili silisahihishi. Mzee Masoud alikitazama kiganja kile, akavua kofia, akamwomba Imakulata, akimwita fundi, asiizime kwanza, nayo ikanguruma polepole hadi mafuta yalipokwisha.

Marehemu ameacha mjane, na binti aliye fundi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Moa, Waislamu kwa Wakristo, mliochimba kaburi na kupika, na mafundi wenzake waliotoka Raskazone kuja kumsindikiza.

Pumzika, Lucas, katika amani ya maji yaliyotulia. Imekaa, usiguse tena.