Asante Kabla ya Tonge

Benchi lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda cha Fundi Baiskeli, na wenyewe waliliita Bunge. Mchana huo muuza kahawa alikuwa ameshawamiminia vikombe. Fundi alizamisha tyubu kwenye beseni la maji, lakini akili yake haikuwa kwenye mapovu. Shule ya sekondari ya bintiye ilikuwa imewaita wazazi wafike saa tisa waamue: darasa la Kijapani liendelee au lifungwe. Alitaka kusimama alitetee. Aliogopa kuchekwa.

— Lifungwe! alisema Kinyozi, ambaye kwa wingi wa maneno walimbatiza Profesa. Mtoto akikolea Kijapani ataota kwa Kijapani. Akiweweseka usiku, mtamwamshaje?

— Kwa maji, akajibu Breki, dereva mstaafu. Maji hayana lugha.

— Akizoea kuota huko, roho itahamia moja kwa moja. Mwili utabaki hapa unakula bure!

— Ndiyo maana wahenga walisema, akadakia Breki, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapa, mzee?

— Methali ya kweli haibishi hodi.

Kicheko kikalipuka. Fundi hakucheka. Alijifuta mikono.

— Jamani, nisikilizeni. Mwalimu wa darasa hilo aliwafundisha watoto kwamba huko Japani watu hushukuru kabla ya kula, na wakimaliza hushukuru tena. Akawapa kazi: kafanyeni hivyo nyumbani, kwa lugha yenu, wiki nzima.

— Ehe?

— Binti akaketi, akasema, "Mama, asante kwa chakula." Mke wangu akabaki na mwiko mkononi. Akamwuliza, "Umevunja nini?"

Breki alipaliwa na kahawa.

— Siku ya tatu nikaona haya, nikasema na mimi. Miaka yote ya ndoa, Breki, nilikuwa nauliza tu chumvi iko wapi! Mke wangu aliingia jikoni, nikamsikia anaimba. Siku hizi kwetu tonge halipandi mdomoni bila asante.

Profesa alikohoa.

— Sawa. Na kesho wakifundishwa kuzishukuru baiskeli, halafu baiskeli ikajibu?

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri pembeni na baiskeli yenye pancha, akauliza kwa upole:

— Samahanini. Huyo mwalimu, kuna mzazi aliyewahi kumwambia asante?

Profesa akamtazama Breki. Breki akatafuta methali, akaikosa. Fundi aliangalia vidole vyake vyeusi kwa grisi, kisha akainuka.

— Mama, niwie radhi, pancha yako nitaiziba nikirudi. Naenda shuleni.

— Watakucheka, alisema Profesa, safari hii kwa sauti ya chini.

— Na wacheke. Hata nyumbani nilianza kwa kuona haya.

Akamrudishia muuza kahawa kikombe.

— Asante kwa kahawa, ndugu yangu.

Muuza kahawa akachungulia ndani ya kikombe.

— Kwani leo ilikuwa na nini?