Historia ya Mama Pasi, Aliyetaka Meli Imwache Mwanawe

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosimama juani kwa kukosa viti, poleni sana, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nawaomba mnivumilie, kwani yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno ya kupambwa, na akinisikia nampamba hapa ataamka anitukane.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1951, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza mwaka 1966 akiwa wa pili darasani, na yule wa kwanza dada alimchukia mpaka juzi. Hakuendelea na masomo, baba alikuwa ameanza kupoteza macho, na mtu wa kutunga uzi kwenye sindano alikuwa yeye.

Tarehe 1 Machi 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kupiga pasi, na huko ndiko alikopewa jina tunalomzika nalo, Mama Pasi, kabla hata hajawa mama wa mtu. Alipiga pasi mashuka, mapazia ya wodi na makoti ya madaktari kwa miaka thelathini na sita, na daktari mgeni aliyepita na koti lililokunjamana alivuliwa koridoni mchana kweupe, akarudishiwa koti likiwa bado la moto, na pole asipewe.

Alifunga ndoa tarehe 12 Februari 1972 na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole aliyekubali yaishe katika kila ugomvi, wakajaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, tarehe 20 Juni 1975, na mwaka 1983 yule dereva akafariki kwa homa ya manjano, akamwachia dada mtoto wa miaka minane na nyumba ya vyumba viwili. Mtoto huyo alikuwa roho yake, nasema hivi bila kutia chumvi, alimpigia pasi mpaka soksi. Alipojiunga na jeshi dada hakula siku mbili, na alipooa, mwaka 1999, akamleta nyumbani mshonaji wa mapazia, binti mkimya, dada alimpokea vizuri, wakacheka pamoja, wakateta majirani pamoja, kama mama na mwanawe.

Mwezi Mei mwaka 2000 mpwa wangu alipewa likizo ya siku tatu kabla ya kikosi chake kupanda meli kwenda vitani ng'ambo. Siku ya kwanza ndugu walijaa, kila mmoja akimshika bega kana kwamba anapima kitambaa, siku ya pili akatengeneza bomba la jikoni na bawaba za mlango, na siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, akasema hajalala vizuri tangu kambini, akaomba aamshwe saa tisa, maana geti la bandari lilikuwa linafungwa saa kumi na moja. Dada akamwambia, "Lala baba, nitakuamsha."

Hakuwa na nia hiyo hata chembe. Alitaka meli imwache mwanawe, basi, hakufikiria zaidi ya hapo. Alikwenda kwanza kwa fundi seremala wa jirani, ambaye namwona amekaa pale, akamwambia aweke nyundo chini kwa kuwa kuna mgonjwa, na fundi wa watu akakaa mchana mzima akitazama kitanda alichokifikisha nusu. Akafukuza watoto wa mtaani wakachezee mbali. Akamtuma mkwewe ng'ambo ya mji kununua uzi wa rangi ambayo haikuwemo katika nguo yoyote ya nyumba ile. Kisha akaichukua sare ya safari, safi kabisa, aliyoinyoosha kwa mkono wake asubuhi, akaitia kwenye beseni la maji na sabuni, shati na suruali, akavuta kigoda, akakaa mlangoni pa chumba.

Saa tisa ilipita, dada ametulia. Muda mfupi baadaye akasikia sauti ya mkwewe ndani ya chumba, na mlangoni hakupita mtu, kumbe binti hakufika hata nusu ya safari, alirudi kwa uani akapanda dirishani, akawa anamtikisa mumewe akimwambia, "Amka, amka, nina mimba yako." Mpwa wangu akaamka, akatazama saa, akatoka mbio kutafuta nguo, akazikuta kwenye beseni. Hakugomba. Akazisuuza, akazikamua mwenyewe, akasema, "Mama, nipigie pasi zikauke kidogo," dada akasema, "Sipigi," akasema, "Hata suruali tu, mama," dada akasema, "Sipigi, hata unielekezee bunduki sipigi." Basi akazivaa mbichi hivyo hivyo, akamkumbatia mama yake mpaka gauni lake likalowa, akamkumbatia mkewe, akaenda zake huku maji yakidondoka sakafuni mpaka barazani. Meli aliiwahi.

Aliuawa tarehe 9 Septemba mwaka huohuo, maofisa wawili wakaja kutuambia, mwili haukurudi, na mtoto wake wa kike alizaliwa Desemba. Tangu siku ya maofisa dada hakuzungumza tena na mkwewe, waliishi nyumba moja, meza moja, miaka ishirini na tatu, na akiwa na haja alimtuma mjukuu, "Mwambie mama yako chumvi imekwisha," na mama mtu amekaa palepale, mkono ungemfikia. Maneno aliyomwambia mwenyewe yalikuwa yale yale, mara chache kwa mwaka, "Habari ya mimba haiozi. Ungengoja aamke." Sisi ndugu, tusifichane, tulimpa haki dada, na yule binti tulimwangalia kwa jicho baya.

Marehemu alianza kuugua tumbo mwezi Januari mwaka jana, akagundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, na aliyemwogesha, kumlisha na kumbadilisha nguo ni huyo mkwe. Jumanne iliyopita, alasiri, mbele yangu, dada alimtazama akamwambia tena, "Ungengoja," na binti akapiga magoti kando ya kitanda akasema, "Ni kweli mama, ningengoja, nisamehe." Dada akavuta pumzi, akasema, "Haya, nimekusamehe." Alifariki siku hiyo saa mbili usiku.

Juzi tulipokaa kuandika historia hii niliweka kwamba marehemu, kwa moyo wake mkubwa, alimsamehe mkwewe kosa la kumwamsha mumewe, nikaisoma kwa sauti, na mkwe akalia kilio ambacho msibani hapa hakuwa amekilia bado. Akasema, "Mjomba, mume wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia nimwamshe." Mpwa wangu alimjua mama yake, alimnong'oneza mkewe mchana ule kabla ya kulala kwamba mama hatamwamsha, kwamba akikosa meli watamfuata kwa pingu mbele ya mama na vitani ataenda tu, basi amwamshe yeye, na asimwambie mama kwamba ndiye aliyeagiza. Alimwambia, "Wewe atakusamehe upesi. Mimi akijua nilitaka kwenda, itamuua." Binti akaahidi. Ile habari ya mimba aliitoa yeye mwenyewe, akiomba moyoni mume aisikie arudi kulala. Hakurudi. Na ahadi aliishika miaka ishirini na tatu, akila matusi yetu, mpaka akaomba radhi ya kosa la mtu mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, wafanyakazi wa chumba cha kufulia, waliomnyooshea dada shuka la mwisho bila kona hata moja kupinda, fundi seremala kwa jeneza, na majirani kwa maji, viti na usiku wote mliokesha nasi. Mkwe wetu hatumshukuru, tunamwomba radhi, mimi wa kwanza, mbele yenu wote.

Na wewe dada, haya hukuambiwa ukiwa hai, tumeyasema leo kwa sababu huyasikii. Mwanao yuko huko, mwulize mwenyewe nani alitaka aamshwe. Akishakujibu, mama wa watu, ndipo upumzike kwa amani.