Forodha ya Kichwani

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi la Fundi Wagdi, hapa Port Said. Asubuhi ile kahawa ilikuwa chungu na sisi tulikuwa wachungu zaidi, maana Alhamisi mjukuu wake Hossam anaoa, na mjukuu wa kinyozi hanyolewi na mtu baki siku ya harusi yake. Tatizo ni mkono. Mkono wa Fundi unatetemeka mwaka wa pili sasa. Vidonge anameza, lakini asubuhi havimfai kitu. Alikaa katikati yetu na sahani ya maharage ya ful, mayai mawili na jibini, kijiko kinagonga sahani.

— Kidonge kinaishia tumboni, — akasema Sukari, tunayemwita hivyo kwa vijiko vinne anavyotia kwenye kahawa. — Kisage, ukinuse. Pua iko jirani na ubongo.

— Acha ushamba, — akasema Mansi, yeye tunamwita Forodha, alilinda lango la forodha miaka thelathini. — Ubongo una lango. Damu ikipita, kila kitu kinapekuliwa. Daktari alisema nikiwepo: hiyo dopamini iliyompungukia Fundi, ukimpa yenyewe inarudishwa langoni.

— Sasa anameza nini?

— Malighafi. Hiyo inaruhusiwa, dopamini inatengenezewa ndani. Kama sisi forodhani: shati lililoshonwa tulirudisha, kitambaa kikapita.

— Basi walinzi wahongwe. Awape asali.

— Ubongo hauhongwi, bwana.

— Mbona wewe ulihongeka?

Tukacheka, hata Fundi. Kisha akaweka kijiko chini.

— Mimi naomba asubuhi moja tu. Baba yake Hossam nilimnyoa mwenyewe siku ya harusi yake. Leo hayupo. Nisipomnyoa mimi huyu, nani?

Nilikionea aibu kicheko changu.

Ndipo akatokea Mariz wa duka la dawa, ana wiki moja tu mtaani, amefuata kahawa yake. Akaitazama ile sahani.

— Ami, kidonge unakimeza saa ngapi?

— Na ful, binti yangu. Kila asubuhi, tumbo lisiniume.

— Ful, mayai na jibini?

— Kwani watu wanakula nini?

— Protini yote hiyo inapita mlango uleule wa kidonge. Vikifika pamoja vinasongamana, kidonge chako kinabaki kwenye foleni.

Forodha akajishika kichwa. Miaka thelathini ya foleni, na hilo hakuliwaza.

Mariz akampigia daktari wa Fundi palepale, naye akakubali: kidonge kwa maji matupu, ful baada ya saa nzima.

Kesho yake Fundi alimeza kidonge kwa maji, akakaa nasi bila sahani, njaa imemnunisha, hataki kusemeshwa. Saa ilipotimia akainua glasi ya maji. Alikunywa yote na hatukusikia glasi ikigonga meno. Akaingia ndani, akanoa wembe. Mariz alikuwa amesimama mlangoni.

— Haya, nani anatoa shingo ajaribiwe? — akauliza Mariz.

Nikatazama kahawa yangu. Sukari akatazama yake. Forodha akakumbuka kwamba ndevu zake ni za nadhiri.

Hossam, aliyekuja kumsalimu babu yake, akatupita sote pale benchi. Akavua koti, akaketi kwenye kiti, akainua kidevu.

— Ninyoe, babu, — akasema, akafumba macho.