Mzee Filimbi Aliyevua Filimbi

Baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha sabuni, msimamizi wetu wa zamu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Tunamwita Mzee Filimbi, ingawa walioajiriwa karibuni hawajawahi kumsikia akiipuliza.

Zamani aliivaa shingoni. Mlio mmoja, wapakiaji mbio. Milio miwili, watu wa matangi ya kuchemshia. Mlio mrefu, sote tusimame tufokewe. Majina yetu hakuyajua wala hakuyahitaji.

Kisha siku moja mjukuu wake aliiokota nyumbani, akaipuliza sebuleni ili aletewe maji. Bibi yake akainuka kitini bila kufikiri. Alipofika mlangoni akasimama, akamgeukia mumewe: "Mzee, kwani mimi niliajiriwa lini?"

Alitusimulia mwenyewe wakati wa chai, akatuomba tusicheke. Tulicheka mpaka chai ikatutokea puani. Yeye hakucheka. Alisema nyumbani ameshaomba radhi, sasa ni zamu yetu kuombwa, akaivua filimbi shingoni.

Ofisi ilimwonya kwamba bila filimbi kazi italala. Akajibu kuwa malori yakichelewa kupakiwa, wamfukuze yeye. Halikuwa jambo dogo, maana nyumba nzima ilimtegemea. Akaanza kuzunguka kiwanda kwa miguu, akimfuata kila mtu alipo na kumwita kwa jina. Alikosea sana, mimi mwezi mzima niliitwa jina la mwenzangu wa mashine ya jirani. Lakini sisi tuliotoka mbali, ambao hapa hatuna hata shangazi wa kutuita, tulisikia raha.

Siku sabuni ya moto ilipomwagika, ulimi ulimponyoka, akamwita mpakiaji mmoja bwege mbele ya wote. Jioni akamwomba radhi mbele ya wale wale. Tangu hapo watu wakawa wanamwambia mapema mashine inapoanza kugoma, bila kuogopa kufokewa. Malori yakaondoka kwa wakati. Idara nyingine nazo zikavua filimbi.

Mageuzi tunayasikia kila siku redioni. Haya tuliyaona yakitembea na viatu vya kazi.

Filimbi yake inaning'inia msumarini karibu na matangi, ipulizwe kukiwa na hatari tu. Msimamizi ajaye tunamwomba aiache pale pale, aanze na majina yetu.

Asante, Mzee. Tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu. Na bibi akiita, inuka wewe.