Dedan Ngatia na Sakafu ya Mashua

Marehemu Dedan Ngatia Nderitu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Gikondi, Mukurweini, akiwa kifungua mimba wa Nderitu na Ngendo, ambao walimtangulia. Alisoma Gikondi hadi darasa la saba. Mwalimu wake wa hesabu alitamani aendelee na sekondari, lakini kijana alikwisha kupenda harufu ya mbao, akaenda Karatina kujifunza useremala.

Kwa zaidi ya miaka arobaini aliweka dari, sakafu na viti vya kanisa kuanzia Othaya hadi Kangema na Kianyaga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sakafu aliyoipiga yeye haikulia chini ya mguu wa mtu.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Wamucii kanisani Othaya, wakajaliwa watoto wawili, Nderitu na Ngendo, waliopewa majina ya babu na bibi yao.

Mwaka 2019 alimwezekea mtu nyumba karibu na Naro Moru, na mwenye nyumba akamtunuku mashua ndogo ya alumini iliyokuwa imelala nyuma ya zizi. Ngatia akaanza kuvua katika bwawa lililo karibu na kwake. Kwetu, ambako wazee wengi hawajawahi kuonja samaki, alichekwa. "Kwani ng'ombe zimeisha Othaya?" walimuuliza. Alicheka nao, akaenda zake.

Wamucii naye alitamani kwenda. Lakini mwaka 2022 alivunjika nyonga, na tumbo la mashua lilikuwa na mbavu zilizojitokeza. "Baba Nderitu, nitakanyaga wapi?" aliuliza. "Hapo ndani ni kama mgongo wa mbuzi mgonjwa."

"Nitakuwekea sakafu," alisema. "Utaifagia kama ya jikoni."

Akaipiga kama alivyozipiga zote: mbao nene na nzito za mti wa mukima, misumari ya inchi nne. Februari 2024 waliishusha majini, na maji yakapanda hadi kidole kimoja kutoka ukingoni. Rafiki yake Simeon, mwashi, alishika kiuno. "Ngatia, hiyo ni ghala! Jaza mahindi!" Marehemu alicheka hadi akaketi matopeni. Kisha akaing'oa yote.

Juni mwaka huo madaktari wa Nyeri walimkuta na saratani ya koo. Wamucii alimsihi aiache mashua. Akajibu, "Mama Nderitu, kazi nyingine zote nimewafanyia watu. Hii ni yako, na siwezi kukuachia nusu."

Tangu hapo alishindana na mwili wake. Alikata vielelezo kwa maboksi ya katoni, akavifuata kwa plaiwudi nyembamba juu ya fremu ya alumini, akapaka rangi kila ukingo usinywe maji, akachagua skrubu fupi zisitoboe mashua. Siku nzuri alifanya kazi nusu saa, akiwa ameketi kigodani, Wamucii akimshikia mbao. Siku mbaya alimwelekeza kwa kidole, na Wamucii ndiye aliyekaza skrubu. Nyingine zilikaa upande. Akaziacha hivyo hivyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, mwana wao Nderitu alishika makasia, Ngatia akabaki ukingoni amejifunika blanketi. Wamucii aliingia, akaiacha fimbo yake ya kutembelea, akasimama wima katikati ya bwawa.

"Baba Nderitu! Haitikisiki!"

Sauti ya Ngatia ilikuwa imekwisha kufifia, lakini Nderitu anasema waliisikia: "Ruka uone!"

Hakuruka. Alivua samaki wawili.

Marehemu alituacha nyumbani kwake Jumanne, tarehe 29 Aprili 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Ameacha mjane, Wamucii. Watoto, Nderitu na Ngendo. Na wajukuu, Kim Ngatia na Lynn Wamucii. Wapo waliokwisha kuulizia mashua. Wamucii ameomba isomwe hapa mbele ya wote kwamba haiuzwi, na kwamba anayetaka kujua inavyokanyagika amtafute bwawani Jumamosi.

Bwana ampumzishe fundi wetu.