Mashahidi wa Kombaini ya Baba

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu minne, lakini mmoja ni tofali, kwa hiyo wenyeji wanajua: akiinuka wa upande huu bila kuaga, wa upande ule anajikuta vumbini. Asubuhi hiyo hakuna aliyethubutu kuinuka. Spana, fundi baiskeli, alikuwa amewaita wenzake mapema na kuwanunulia birika zima la kahawa, naye mkono wake ni mgumu kuliko hizo spana zenyewe. Mtu wa namna hiyo akikununulia kahawa, ujue yamemfika shingoni. Shambani kwao, bandani, kulikuwa na kombaini ya kuvunia ngano aliyoiacha marehemu baba yao, chuma cha zamani kilichoshika kutu mpaka kwenye kiti. Dada yake, kifungua mimba, alitaka banda liwe la kuku, na mnunuzi wa chuma chakavu alishaandaa mitungi ya gesi ya kuikatia. Neno la mwisho lilikuwa la Dada. Na Dada alikuwa njiani, anakuja kusikia kama ipo sababu ya kuiacha.

— Jamani, alisema Spana, nyote mmevuna na mashine ile. Ikitoka kwetu ilikuja kwenu, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Akija Dada, mwambieni mnavyoikumbuka. Ukweli mtupu.

— Mtupu kabisa? aliuliza Kinyozi.

— Mkitia chumvi kidogo sitakasirika.

— Mimi nakumbuka kelele, alisema Kinyozi. Ikiwashwa kwetu, kuku wa jirani wanaacha kutaga.

Hapo Profesa akakohoa. Huyu shule aliikimbia mapema, ila methali alitoka nazo zote, zikachanganyika njiani.

— Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walikuwa wanaizungumzia kombaini hii. Kwa ngurumo ile, mkuu akisema, nani atamsikia? Ndiyo maana mimi nachechemea mpaka leo.

— Wewe unachechemea kwa sababu ulianguka harusini ukicheza, alisema Kinyozi.

— Harusi ilikuwa baada ya mavuno. Mguu ulifika pale umeshachoka.

Spana alicheka hadi kahawa ikammwagikia gotini. Lakini moyoni alikuwa mbali. Alimwona baba akizungusha hendeli kwa mikono miwili, akiitukana mashine kwa upole kama mtu anayebembeleza ng'ombe. Alisikia makapi yakimwasha shingoni. Aliyaona magunia yamesimama kwenye mabua, yameshonwa midomo, safu baada ya safu, na watu wa nyumba zote wakicheka bila sababu kwa kuwa chakula kimepatikana. Ile mashine ikikatwa, alihisi, baba atakuwa amekufa mara ya pili.

— Msisahau mwaka ule mvua ilipotukimbiza, alisema. Baba usukanini, halafu mimi nikampokea.

— Wewe? Kinyozi alishtuka. Usukanini nilikuwa mimi! Mkanda wa mashine ukakatika, nikavua mshipi wa suruali, nikaufunga pale pale, tukavuna shamba zima.

— Na suruali?

— Niliishika kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine.

— Mshika mbili moja humponyoka, alisema Profesa.

— Haikuniponyoka!

— Ipi? aliuliza Spana. Suruali au kombaini?

— Nyie mna utani, alisema Profesa. Mimi niliiendesha wingu likiwa juu ya kichwa, nikavuna mpaka mvua yenyewe ikanionea haya, ikaenda kunyesha ng'ambo. Na ile mashine ilikuwa na akili. Mkishuka wote, inakwenda yenyewe mpaka kwa mwenye zamu. Ila kwa mchoyo haikanyagi. Inazima mlangoni.

— Ndiyo maana kwenu ilikuwa inazima kila mwaka, ilisema sauti nyuma yao.

Dada alikuwa amesimama pale, hakuna aliyejua tangu lini. Shikamoo zikamwagika. Wakasogea kwa hesabu, benchi likalia, akakaa.

— Endeleeni, msikatize uhondo. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa usukanini?

— Ndiyo, Dada, alisema Kinyozi.

— Na wewe?

— Na mimi, alisema Profesa.

— Na huyu mdogo wangu pia. Haya, na marehemu baba?

— Yeye alikuwa anasimamia, alisema Kinyozi.

Dada akacheka, kicheko cha kweli, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Spana akashusha pumzi. Akajua ameshinda.

— Nina swali moja tu, tena dogo, alisema Dada. Mimi nilikuwa wapi?

Kinyozi akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

— Wewe... jikoni, Dada, alisema Kinyozi.

— Jikoni alikuwa shangazi.

— Shuleni, alisema Profesa.

— Shule unaijua wewe? Wakati wa mavuno zilikuwa zimefungwa.

Walicheka kidogo, wakaacha. Spana alilipitia lile shamba lote kichwani, mwanzo hadi mwisho. Alimwona baba. Alimwona hata mbwa wa jirani. Dada hakumwona popote, na aibu ikampanda usoni.

— Dada, sijui.

— Ubaoni, alisema Dada. Pale ubavuni mwa mashine, panapotokea ngano. Nashika gunia, linajaa, nalishona, nalisukuma chini, nashika jingine. Makapi yote yananimwagikia mimi. Mwaka wenu huo wa mvua sindano ilinitoboa kiganja, nikashona hivyo hivyo. Nyinyi mnagombea usukani mbele, mimi nyuma yenu nashona chakula cha nyumba zote.

— Basi ikatwe, Dada, alisema Spana kwa sauti ya chini. Sina la kukuambia.

— Ikatwe ya nini? Yule wa chuma chakavu nimemfukuza kabla sijatoka nyumbani. Kuku nitawajengea kwingine. Ile mashine naipenda kuliko nyinyi wote. Nilikuja tu kusikia kama yupo anayenikumbuka.

Akawaaga vizuri tu, mmoja mmoja, akaenda zake.